Hewa Iliyolala Tangini

Kama kuna pumzi umeibana kifuani, iachie sasa hivi kabla sijaanza. Habari hii ni ya pumzi, na mimi sitaki lawama za mtu.

Asubuhi moja Kipenga aliingia chumba cha nyuma, akainama kusoma geji ya kompresa yake, akaona mshale umepanda. Umepanda, si umeshuka. Wewe ambaye hujawahi kumiliki kompresa utasema, kwani kuna ajabu gani hapo? Nenda kamuulize fundi yeyote wa gereji. Hewa ukiijaza tangini jioni, asubuhi utaikuta imepungua, maana hakuna koki isiyovuja walau kidogo. Jana yake alikuwa ameuacha mshale katikati. Swichi aliizima. Waya aliuchomoa ukutani, akaukunja, akautundika msumarini, na huko msumarini ndiko alikoukuta. Lakini mshale ulikuwa umekaribia mwisho wa geji, umetulia tuli kama mtu aliyeshiba.

Kipenga akakigonga kioo cha geji kwa ukucha. Mshale haukutikisika. Akasema, "Aa, chombo kizuri hiki," akaendelea na shughuli zake. Ndivyo walivyo wanaume, kitu kikiwafaa hawaulizi kimetoka wapi.

Huyu Kipenga alikuwa gadi wa treni mpaka alipostaafu. Miaka yote alisimama behewa la mwisho akipuliza kipenga na kupunga bendera, ndiyo maana jina lake halisi lilisahauliwa na watu wote isipokuwa watu wa pensheni. Alipostaafu akakosa wa kumpulizia. Akawa anazunguka nyumbani kutafuta makosa. Sufuria hizi mbona zimepangwa hivi, pazia hili mbona limepinda. Mkewe akachoka. "Baba Nesi," akamwambia, "ama unitafutie mwanamke mwingine wa kuchungwa, ama ujitafutie kazi ya mikono."

Walimwita Baba Nesi na Mama Nesi kwa ajili ya binti yao wa pekee, aliyekuwa nesi hospitalini na kuishi mtaa wa pili. Mama Nesi alikuwa mwembamba, kifua chake kibovu tangu usichana, lakini sauti yake, jamani! Alikuwa akimwita muuza mboga aliye ng'ambo ya barabara bila kunyanyuka kwenye kiti, na muuza mboga anakuja mbio. Kipenga aliwahi kusema kwamba hakumuoa mwanamke, alioa sauti, mwanamke akaja nayo. Kila siku baada ya chakula cha mchana Mama Nesi alijipaka mafuta ya mkaratusi kifuani, akajilaza. Chumba chake cha kulala na chumba cha nyuma vilitenganishwa na ukuta mmoja tu.

Basi kazi ya mikono ikapatikana. Kipenga akajenga meza kubwa ya plaiwudi, akaizungushia reli ndogo, akaweka stesheni ya maboksi, miti ya sponji na mabehewa ya urefu wa kiganja. Alitaka treni yake iwe na rangi zile zile za treni aliyoitumikia, nyekundu iliyokolea na mstari wa rangi ya maziwa chini ya madirisha. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia, kwenye rangi.

Shemeji yake, kaka wa Mama Nesi, alikuwa fundi wa kupaka rangi magari. Mtaa ulimwita Msasa kwa sababu hata maneno yake yalikwaruza. Siku aliyokuja kuyaona mabehewa alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, hii umepaka kwa brashi au kwa ufagio? Kitu kidogo hivi hakipakwi, kinapulizwa."

Akamletea kompresa ndogo kuukuu iliyokuwa imekaa tu gereji, pamoja na brashi ya hewa. Usidhani ni brashi yenye manyoya. Ni kijidude cha chuma unachokishika kama kalamu. Juu kina kikombe cha rangi chenye ukubwa wa kifuniko cha chupa, mbele kina tundu dogo lenye sindano ndani, na mgongoni kina kitufe. Ukikibonyeza kitufe, hewa inatoka. Ukikivuta nyuma, rangi inaifuata hewa.

"Hewa kwanza, rangi baadaye," Msasa alifundisha, amesimama nyuma yake kama mwalimu mwenye fimbo. "Mkono utembee kabla rangi haijatoka, na usisimame mpaka rangi ikatike. Rangi uizimue kwa thina iwe kama maziwa. Ikiwa uji, tundu linaziba. Ikiwa maji, utafuga buibui."

Kipenga akafuga buibui. Rangi ilitua kwenye chupa ya mazoezi, ikatawanyika miguu pande zote, Msasa akacheka tena. Lakini mtu aliyepeperusha bendera maisha yake yote ana kiganja kinachosikia, na baada ya kuharibu chupa nyingi na maboksi mengi, Kipenga alipuliza mstari mmoja, mwembamba na sawasawa. Akamwita mkewe aje aone. Mama Nesi akauangalia ule mstari kwa makini, akasema, "Hongera. Sasa nipulizie na kucha," wakacheka wote watatu.

"Na la mwisho," Msasa alisema akikusanya vitu vyake. "Kila ukimaliza kazi, fungua hii koki ya chini ya tangi. Toa hewa yote, na maji yaliyojikusanya yatoke. Hewa isilale humu."

"Kwa sababu ya kutu?"

"Kutu na mengineyo. Aliyenifundisha mimi kazi alisema hewa isilale, nami sikumuuliza. Nilikuwa natafuta kazi, sikuwa natafuta maswali."

Siku za mwanzo Kipenga alitii. Lakini ile koki, ukiifungua, ilitoa ukelele, fyuuuuu, mkali wa kukata masikio, na yeye alizoea kumaliza kazi wakati ule ule mkewe amelala. Mama Nesi alikuwa akizinduka kwa hofu, kikohozi kinamshika, anakaa kitandani akihema. Kipenga akaona huu si uungwana. Akaacha kufungua koki. Hewa ikalala, siku ya kwanza, siku ya pili, na zote zilizofuata. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na mimi simtetei, nasema ukweli tu.

Sasa turudi kwenye ule mshale uliopanda wenyewe. Siku hiyo Kipenga alipuliza behewa lake la kwanza, na kazi ikawa ya ajabu. Rangi haikutema wala haikuchuruzika. Ilitua laini kama ngozi ya mtoto, na mkono wake ulikwenda kama umeshikwa na mwenye kujua zaidi. Msasa alipoliona behewa hakucheka. Aliligeuza geuza akasema, "Shemeji, umenishinda," na yeye si mtu wa kusema hivyo.

Kipenga akanogewa. Ikawa hata swichi hawashi. Kila asubuhi anakuta tangi limejaa, anapuliza tu. Isipokuwa kitu kimoja kilimsumbua kidogo, harufu. Chumba chenye rangi na thina kinanuka rangi na thina, hilo linajulikana. Lakini kila alipobonyeza kitufe, kabla rangi haijatoka, hewa iliyokuja ilikuwa ya uvuguvugu. Ilinuka kinywa cha mtu aliyetoka usingizini. Ndani yake, kwa mbali, ilinuka mkaratusi.

"Ukuta huu mwembamba," alijiambia. "Mafuta ya mama yanapita."

Wakati huo huo Mama Nesi alianza kupungua. Kwanza alishindwa kumaliza ngazi tatu za mlangoni bila kupumzika. Kisha muuza mboga akaacha kuja, maana sauti haikuvuka tena barabara. Ikafika tu dirishani, halafu ikawa haifiki hata jikoni. Akawa anaongea kwa vipande, neno, kituo, neno. "Baba Nesi... niletee... maji." Binti yao alikuja na dawa za pumu, akaja na nyingine kali zaidi. Hospitali wakampiga picha ya kifua, wakasema mapafu ni safi. Kipenga alimpepea, alimkanda mgongo, alimbeba mpaka bafuni. Kisha, akishalala, alirudi kwa treni zake. Utamlaumu? Mimi namlaumu. Lakini mtu mwenye huzuni hukimbilia pale mikono yake inapotii.

Mabehewa yalipokauka akabandua tepu ya karatasi aliyofunika madirisha yasiingie rangi. Vijidirisha vile vya plastiki vilikuwa vimeingia ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Akafuta kwa kitambaa, ukungu haukutoka. Ulikuwa kwa ndani. Kesho yake, kwenye dirisha moja la behewa la mwisho, ukungu ulikuwa umefutwa kidogo, duara ndogo, kama abiria anayetaka kuchungulia nje ajue amefika wapi.

Kipenga akaligeuza lile behewa, dirisha likatazama ukuta.

Siku iliyofuata umeme ulikatika tangu asubuhi. Mtaa ulinyamaza, hakuna redio, hakuna feni, hata mbwa walikuwa wamejilaza kivulini. Mama Nesi alikuwa amepumzika chumbani. Kipenga alikaa kwenye stuli akisugua paa la behewa, na kwa sababu ya ule ukimya akasikia kitu ambacho labda kilikuwa kikisikika siku zote. Mkewe akatoa pumzi, hooo, na papo hapo ndani ya tangi pakasikika kama mtu anayenyonya hewa kwa meno yaliyobanwa, na mshale wa geji ukasogea unywele mmoja. Kipenga akaacha kusugua. Kule chumbani mkewe akavuta pumzi nyingine kwa taabu, kama anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu, na alipoitoa tangi likanyonya tena, mshale ukasogea tena, na Kipenga, aliyekuwa akijiambia kwamba ni masikio, ni joto, ni uzee, akautazama ule waya uliotundikwa msumarini, akaitazama swichi iliyozimwa, akakumbuka kwamba hata kama waya ungekuwa ukutani nyumba nzima haikuwa na umeme, na sasa alijua, na ukishajua huwezi tena kurudi kutokujua.

Sasa ungetegemea afanye nini? Ainuke, alibebe tangi, alitupe? Alibakiwa na kichwa cha treni tu, ile injini ya mbele, tayari amekipaka praima, ile rangi ya kutangulia, tayari amefunika madirisha. Akawaza, nikimaliza hiki nitalitoa. Mkono mmoja tu wa rangi. Akazimua rangi, akajaza kikombe, akabonyeza. Hewa ikatoka na ule uvuguvugu, na ule mkaratusi, na katikati ya mfoko wa rangi nyekundu akasikia kwa masikio yake kikohozi kidogo cha mkewe kikitoka kwenye ncha ya brashi. Kule chumbani pakawa kimya.

Akakitupa kijidude, akakimbia. Mama Nesi alikuwa amekaa kitandani, macho yamemtoka, midomo imekuwa rangi ya jivu, anafungua na kufunga kinywa kama samaki. "Mama! Mama Nesi! Nisamehe," akalia, akimshika mabega. Alimshika hivyo mpaka kijipumzi kikarudi, kidogo, cha juu juu.

Binti yao alipofika akiwa bado na sare za kazi, alimwekea mama yake oksijeni aliyokuja nayo, akaweka kipimo masikioni, akasikiliza kifua, mbele, nyuma, ubavuni. Akatikisa kichwa. "Sielewi, baba. Hakuna makohozi, hakuna maji. Ni kama nyumba iliyohamwa."

"Njoo huku," Kipenga akanong'ona.

"Huku wapi?"

"Njoo tu, mwanangu. Na hicho kipimo chako."

Akamwongoza chumba cha nyuma, akamwonyesha tangi. Nesi alimtazama baba yake kwa huruma, kama wanavyowatazama wazee waliochanganyikiwa kwa majonzi. Lakini alikuwa mtoto mwenye adabu, akapiga magoti, akaweka kipimo kwenye ubavu wa tangi. Kipenga aliona huruma ikitoka usoni mwa bintiye na kitu kingine kikiingia.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo sana. "Mama yumo humu."

"Najua."

"Hapana. Hujui." Alikuwa ameushika ukingo wa meza, na treni zote zilikuwa zikitetemeka kwenye reli zake. "Wanapumua wawili. Mmoja ni mama. Mwingine... mwingine anavuta tu. Anavuta, anavuta, hatoi."

Nesi hakusema tena mambo ya hospitali. Alimpigia simu mjomba wake, na Msasa akaja mbio na mikono yenye rangi. Alipoelezwa, swali lake lilikuwa moja tu. "Koki ulikuwa unafungua?" Kipenga akainamisha kichwa. Msasa akapangusa mikono kwenye suruali yake. Akatoka, akarudi na mwanamke mmoja mfupi, mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni na kikapu cha sokoni mkononi. Walimwita Mama Kimya. Alikuwa mganga, na alikuwa na haraka.

"Maharage yangu yako jikoni," alisema mlangoni. "Mgonjwa wapi? Na hilo dude liko wapi?"

Alimtazama Mama Nesi, akamshika mkono, akamwambia pole. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akaweka kiganja juu ya tangi, akakitoa upesi kama aliyegusa birika la moto. Kipenga akauliza kama awashe ubani.

"Ubani wa nini? Huyu hakuja kunusa, alikuja kupanga chumba." Akavaa miwani yake. "Hewa ikifungiwa mahali ikalala, inapata mwenyewe. Kisima kilichofunikwa, mtungi uliozibwa, yote ni vyumba. Wewe umempa chumba cha chuma, halafu ukamlaza ukuta mmoja na mtu mwenye pumzi haba. Alikuwa anasikia mwenzake anapumua, akatamani."

"Mwambie aondoke," Kipenga alisema. "Mwambie achukue yangu."

"Yako haitaki. Angeitaka angeichukua, si ulikuwa unashinda humu?" Mama Kimya akashusha sauti, na wote wakamsogelea. "Sikilizeni. Tukifungua koki ya chini sasa hivi, vinatoka vyote viwili, yeye na pumzi ya huyu mama, na ikishachukuliwa na upepo hairudi. Pumzi nyepesi inakaa juu. Yeye ni mzito, amekaa chini kwenye yale maji. Itolewe ya juu kwanza, polepole, puani kwa mwenyewe. Ikifika zamu yake yeye, funga. Ukifunga mapema, unamnyima mkeo. Ukichelewa, unampa mgeni. Nani anajua kukishika hicho kijidude?"

Msasa akanyoosha mkono. Mama Kimya akamtazama vidole. "Wewe umezoea magari. Huyu."

Wakasukuma tangi mpaka chumbani, kando ya kitanda. Lilikuwa zito kuliko chuma chake, na magurudumu yaliacha michirizi sakafuni. Kipenga aliosha brashi kwa thina, akaisuuza kwa maji mpaka ikaacha kunuka, akaisogeza mpaka shubiri moja kutoka pua za mkewe. Kila alichofundishwa kuhusu kupuliza rangi kilimjia. Hewa kwanza. Mkono mwepesi. Usisimame. Nesi akamtoa mama yake oksijeni. Kipenga akabonyeza.

Hewa vuguvugu ikatoka, ikanuka mkaratusi, na kishungi cha nywele kwenye shavu la Mama Nesi kikapeperuka nyuma. Akavuta. Kifua chake kikainuka, kikashuka, kikainuka zaidi. Midomo ikaanza kurudi rangi. Nesi, ameshika mkono wa mama yake, alikuwa akilia bila sauti na kutabasamu kwa pamoja. Mshale ukashuka taratibu, ukashuka, na kila uliposhuka mwanamke yule alirudi kidogo kidogo duniani, macho yakapata nuru, shingo ikasimama yenyewe, na akamtazama mumewe kwa jinsi alivyomtazama siku ya ule mstari wa kwanza, na Kipenga akahisi furaha ambayo hakuistahili ikimjaa mpaka kooni, akatamani aendelee hivi asisimame kamwe, ampe yote, kila tone, na mshale ukakaribia chini kabisa, na mkaratusi ukaanza kufifia, na nyuma yake ikaja harufu ya kutu na maji yaliyooza, kidogo tu, ikapotea, ikaja tena, na yeye bado kidole kiko kwenye kitufe kwa sababu katikati ya ile kutu bado alikuwa akimnusa mkewe, na ndipo akakiona kile kishungi cha nywele, kilichokuwa kikipeperuka nyuma, kikisimama, kikageuka, kikainamia mbele kuelekea kwenye tundu la brashi.

Lilikuwa linavuta.

Kipenga akaachia. Msasa akakunja mpira unaopeleka hewa kwenye brashi kwa mikono miwili, akaufunga kwa waya. Chumba kikawa kimya, isipokuwa pumzi ya Mama Nesi, ndefu, nzuri, ikiingia na kutoka kama ya binti.

"Mama?" Nesi akaita. "Mama, unanisikia? Sema kitu."

Mama Nesi akafungua kinywa. Akajaribu. Akashika koo, akajaribu tena. Kikatoka kipumzi safi, haaa, na hakuna kitu ndani yake.

Kipenga akamgeukia mganga. "Sauti yake iko wapi?"

Mama Kimya aliinamia tangi, na wote wakasikia, hata bila kipimo. Kulikuwa na mwanamke anayeongea chini ya maji. Maneno hayakueleweka, lakini mahadhi ya maisha yao yote yalikuwa mle, kupanda na kushuka kwake, mahali anapotua, mahali anapocheka.

"Alikuwa ameishika," mganga alisema. "Ulifunga sawasawa. Ungechelewa kidogo na yeye angeingia."

"Turudie! Niachie kidogo tu..."

"Baba yangu, nisikilize." Kwa mara ya kwanza alisema kwa upole. "Walioko humo sasa hawaachani. Ama utoe wote, ama ukae nao. Ukikaa nao, ataanza kuvuta upya, na hii pumzi uliyomrudishia itakwisha."

Wakalipakia kwenye mkokoteni wa gereji, wakalisukuma mpaka uwanja mtupu nyuma ya maghala, jua la mchana likiwachoma utosi. Njia nzima tangi liliongea. Kipenga alitembea ubavuni mwake, kiganja juu ya chuma, akisikiliza. Walipofika, Msasa alitaka kuifungua ile koki, yeye akamsogeza. "Ni kazi yangu hii. Ilikuwa yangu tangu mwanzo."

Akaifungua. Yakatoka maji meusi, ya baridi, yakilowesha viatu vyake. Kisha ukaja ule ukelele, fyuuuuu, vumbi likainuka na kuzunguka, na ndani ya vumbi, wazi kabisa, kama anayeita kutoka jikoni siku ya kawaida, Mama Nesi akasema, "Baba Nesi, chakula kinapoa." Akacheka. Kicheko kikavuka uwanja, kikapita juu ya maghala, kikaisha. Mzee wa watu akakaa chini kwenye yale maji akalia kwa kwikwi, na Msasa akasimama mbele yake kumficha na wapita njia.

Mama Nesi alipona. Alipanda ngazi, alifua, alipika, alinenepa hata. Akitaka mumewe aje, anapiga makofi. Akitaka kumtania, anaandika hewani kwa kidole, na Kipenga anajifanya hajasoma. Treni zilifunikwa shuka, kompresa ikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Usiku walilala wameshikana. Nyumba ilikuwa na amani, ila ilikuwa kimya, na Kipenga aligundua kwamba masikio nayo huona njaa.

Mchana mmoja walikuwa sebuleni. Mama Nesi alikuwa na ungo mapajani, anachambua mchele. Kipenga anasinzia. Mlango ukagongwa.

"Hodi! Baba Nesi, mbona mmejifungia mchana kweupe? Nifungulie, jua kali huku."

Ilikuwa sauti ile, kamili, nene, ya kuvuka barabara. Kipenga alikwisha kuinuka na kupiga hatua kuelekea mlangoni, uso umejaa furaha, mwili umetii kabla ya akili. Ndipo akamwona mkewe kwenye kiti, mikono imesimama juu ya mchele.

"Baba Nesi? Unanisikia kweli? Nimekukosea nini?" Kitasa kikazungushwa taratibu. "Nifungulie, mume wangu. Nimetembea mbali sana. Kifua... kinanibana... pumzi... zinaniishia huku nje."

Mkono wa Kipenga ulikuwa tayari uko kwenye komeo. Mama Nesi akaweka ungo chini. Akaja, akauondoa ule mkono kidole kwa kidole, akageuka, akaegemeza mgongo wake mwembamba mlangoni na kuteleza mpaka chini, machozi yakimtiririka. Kipenga akakaa naye, bega kwa bega, akamziba masikio kwa viganja vyake na ya kwake akayaacha wazi. Wakakaa hivyo mpaka jua likazama, mume na mke, na Kipenga akimsikiliza Mama Nesi akiomba afunguliwe.